Sindano Kiti cha Nyuma: Kazi za Mkono kwa Wanaotoka London kwa Gari

Mswahili wa London haishi London peke yake. Harusi iko Leicester, hitima iko Birmingham, mtoto anasoma Cardiff, wifi kahamia Milton Keynes baada ya kushindwa na kodi za huku. Wikiendi zetu nyingi huliwa na barabara, na anayekaa nyuma huwa na mambo mawili tu ya kufanya: kusinzia au kushika simu. Makala hii ni ya yule anayetaka jambo la tatu. Ana kazi ya mkono iliyolala kabatini, labda kofia ya kiua ambayo mume ameahidiwa tangu Idi iliyopita, labda rundo la kanga za zamani zinazosubiri kugeuzwa kitu, na kila akiulizwa husema hana muda. Muda anao. Uko kati ya Brent Cross na Leicester, maili kama 100, karibu saa mbili M1 ikiwa na adabu, na hapo hatujahesabu kurudi.

Wengi hujaribu mara moja, wakachomwa na sindano, wakashikwa na kichefuchefu, wakarudisha mfuko kabatini na kusema gari halishoneki. Mara nyingi kosa si la gari. Walibeba kazi isiyo ya gari. Kila ushonaji una kazi ya meza na kazi ya pajani. Kazi ya meza ni kupima, kuchora, kukata, kupiga pasi, kulinganisha rangi. Kazi ya pajani ni ule mshono mmoja unaorudiwa mara mia, ambao mkono ukishauzoea huenda wenyewe na jicho likaja kukagua tu. Gari linataka ya pajani. Anayezitenganisha hizi mbili, akaimaliza ya meza nyumbani kabla ya siku ya safari, atashona hadi Manchester bila tabu. Asiyezitenganisha atakuwa anatafuta mkasi chini ya kiti kabla hata hajafika Luton.

London yenyewe inayo kumbukumbu kubwa ya jambo hili. Tarehe 5 Aprili 1841 meli iitwayo Rajah iliondoka Woolwich, kusini mashariki mwa jiji, ikiwa na wanawake wafungwa 180 waliokuwa wakipelekwa Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania. Kulikuwa na chama cha akina mama kilichoanzishwa na Elizabeth Fry, mtetezi mashuhuri wa wafungwa, na desturi ya chama hicho ilikuwa kumpa kila mwanamke mfuko wa sindano, uzi, pini, mkasi, subana na vipande vya vitambaa. Meli ilifika Hobart tarehe 19 Julai. Katika miezi hiyo mitatu na nusu ya mawimbi, baadhi ya wanawake wale walishona mfarishi mmoja wa vipande 2,815, zaidi ya mita tatu kila upande. Sasa umehifadhiwa National Gallery of Australia, mjini Canberra, na mwaka 2010 uliletwa London kwenye maonyesho ya mifarishi katika jumba la makumbusho la V&A. Watu husifu mishono yake, nami naisifu, ila mimi husifu zaidi ule mfuko. Mtu alikaa nchi kavu akafikiria kila kitakachohitajika baharini, akakitia ndani kabla nanga haijang'olewa.

Wala tusidhani kuunganisha vipande ni mambo ya Wazungu. Leso zilizoitangulia kanga, katikati ya karne ya 19, zilitokana na vitambaa vya mraba vilivyoletwa vikiwa bado vimeshikana katika jora. Wanawake wa Zanzibar na Mwambao walikata vitatu vitatu, wakashona mistari miwili pamoja, wakapata nguo ya miraba sita. Bibi zetu walikuwa washona vipande kabla kiwanda hakijawapokonya kazi hiyo.

Sasa tuingie kazini. Ukiniuliza pa kuanzia, nitakuambia uache yote mengine uanze na vipande vya pembe sita vinavyoshonwa juu ya karatasi. Ni njia ya Waingereza ya tangu karne ya 18, na mifarishi ya zamani ambayo haikumalizwa bado ina karatasi zake ndani, barua na kurasa za vitabu vya hesabu zilizokatwa, hata wataalamu huzisoma ili kujua kazi ilianza mwaka gani. Chora pembe sita yenye ubavu wa sentimita 2.5 kwenye kadi ngumu, iwe kigezo chako. Karatasi London hazinunuliwi: kuna matangazo ya piza yanayopenyezwa mlangoni, bahasha za benki, barua ya manispaa ukishalipa unachodaiwa. Ziwe na ugumu wa bahasha, zisiwe laini za gazeti. Kata nyingi. Kisha kata kitambaa kiizidi karatasi kwa milimita 6 kila upande. Kanga iongeze ifike sentimita 1, maana imefumwa wazi na nyuzi zake huchomoka upesi. Weka karatasi katikati ya upande wa nyuma, kunja ubavu mmoja baada ya mwingine, piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti ili siku ya kuutoa uuone.

Yote hayo ni ya mezani, na hufanyika vizuri jioni mbele ya televisheni. Barabarani inabaki hii: shika vipande viwili, nyuso zikitazamana, uvishone ubavu kwa ubavu kwa mishono midogo inayozunguka ukingo, ukichukua nyuzi mbili tatu tu za kitambaa bila kutoboa karatasi. Sindano ikigusa karatasi utajua kidoleni, kwa sababu inakuwa nzito ghafla, na hiyo ndiyo faida ya kazi hii: kidole kinaona kabla ya jicho. Mishono sita kwa sentimita inatosha. Ubavu ukiisha, rudi nyuma mishono miwili mitatu badala ya kupiga fundo, kata uzi, endelea na ubavu mwingine. Kipande kimoja katikati na sita vikikizunguka hufanya ua, na ua moja, kwa mkono usio na haraka, ni safari ya Leicester. Karatasi ya kipande usiitoe mpaka kimezungukwa pande zote. Ukiitoa mapema pembe hulegea, na mfarishi wenye pembe zilizolegea haulali sawa kitandani hata uupige pasi namna gani.

Nimeisifu kazi hii kwa sababu inakatika popote. Dereva akisema tumefika, unamaliza mishono mitatu unaweka chini. Hakuna mstari wa kukumbuka wala hesabu ya kupotea. Kazi yoyote unayotaka kuipeleka njiani ipime kwa kipimo hicho: je, naweza kuiacha ghafla, mtoto akitapika au dereva akipotea njia, nisipoteze kitu?

Kitambaa nacho kina maneno yake. Kanga ndiyo tuliyonayo majumbani, na wengi wetu tuna za marehemu mama ambazo hatuzivai na hatuwezi kuzitupa. Kabla ya kukata, bana kona moja uikunje kwa ukucha. Pamba tupu itashika mkunjo, iliyochanganywa na poliesta itafunguka yenyewe. Ya poliesta ivae tu, usiitie katika pembe sita, kwa sababu itakukimbia kila unapoikunja. Kanga mpya ina wanga na rangi inayotoka, hasa nyekundu na nyeusi, basi ifue peke yake hadi maji yawe meupe. Kisha weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake, pitisha pasi. Kikichukua rangi, kanga irudi kwenye beseni. Ukiruka hatua hii, mfarishi wako utafuliwa mara moja tu, na baada ya hapo utakuwa wa rangi moja.

Katika kukata, pindo ndilo lenye mali kwa kazi ya vipande vidogo kwa sababu maua yake hurudi yale yale, na ukiweka kigezo mahali pale pale kwenye kila ua, utapata pembe sita zinazofanana kama pacha. Mji wenye picha kubwa, mathalan korosho au embe zima, usiukatekate, uache uwe kipande kikubwa cha katikati ya mfarishi. Jina likate lote kama utepe mmoja, ulitie ukingoni, liendelee kusomeka. Na hapa nitaingiza la kwangu ambalo si la ufundi: kanga yenye jina la Mungu au dua usiipeleke upande wa miguu. Iweke kichwani, au uitafutie kazi ya ukutani.

Usipokuwa na kanga za kutosha, London haikunyimi. Goldhawk Road, hatua chache kutoka soko la Shepherd's Bush, ina safu ya maduka ya vitambaa, na wauzaji wake hawakuoni wa ajabu ukiomba nusu mita. Walthamstow kuna soko refu la barabarani, na maduka ya nguo za jora yako huko huko. Ridley Road, Dalston, ni kwa vitenge, ila kitenge kina nta au ugumu wa kiwandani, na sindano ya mkono hukichukia mpaka kifuliwe mara kadhaa. Liberty, karibu na Regent Street, kunauzwa pamba nyembamba iitwayo Tana Lawn, iliyopewa jina la Ziwa Tana la Ethiopia. Sindano hupita ndani yake kama kisu kwenye siagi. Bei yake ni ya Liberty, sitasema zaidi. Nunua kipande kidogo, ukitawanye katikati ya kanga.

Kofia ni habari nyingine, na hapa niseme na wenye mkono uliokwisha zoea. Lamu na Zanzibar kofia hushonwa na wanawake na wanaume, barazani, sokoni, wakingoja chombo au wakingoja swala, hivyo si kazi iliyozaliwa juu ya meza. Duara la juu na ukuta wa pembeni hushonwa mbali mbali na kuunganishwa mwisho, na vyote viwili hutosha kwenye mfuko wa mkate. Inaonekana imeumbwa kwa safari. Lakini ina sehemu mbili zisizolingana. Mistari ya mishono inayofuata mchoro wa penseli na kushikamanisha tabaka za kitambaa ni kazi nzuri ya M4, barabara imenyooka na mkono unakwenda. Vitundu, kwa upande mwingine, hutaka kutoboa kwa kitu kikali na kuzungushia uzi papo hapo kabla tundu halijajifunga, na kila kimoja lazima kilingane na mwenzake. Gari likirukia shimo wakati umeshika cha kutobolea, utatoboa kofia mahali ambapo hapakuchorwa, au utatoboa dole gumba. Vitundu viache nyumbani. Nasema hivi nikijua wapo mafundi watakaonicheka.

Adui wa pili wa kofia ni weupe wake. Garini kuna chipsi, kuna chai, kuna mtoto aliyekula chokoleti. Tandika taulo safi jeupe mapajani, futa mikono kwa kitambaa chenye unyevu kila unapoanza, na sehemu usiyoishona ibaki imefunikwa, ufungue kadiri ya kiganja tu. Wino wa kalamu usiuguse kabisa katika kuchora. Penseli nyepesi ndiyo hufulika.

Kwa yule ambaye gari humtia kichefuchefu hata akisoma ujumbe wa simu, nitasema mapema: usianze na sindano, anza na kroshia. Vile vitambaa vya makochi ambavyo kila sebule ya Dar na Mombasa ilikuwa navyo havihitaji macho ukishazoea, na ndoano yake haina ncha ya kuchoma. Kichefuchefu hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo wakati macho yamekazia kitu kisichosogea. Dawa yake ni kuinua kichwa kila baada ya mishono michache na kutazama mbali mbele, kupita gari linalotangulia, siyo dirisha la pembeni ambako miti inakimbia. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwafaa baadhi ya watu. Na ukiona mate yanajaa mdomoni, weka sindano chini wakati huo huo, usingoje kumaliza ubavu.

Na mfarishi wenyewe, ule mzima wenye uso, pamba ya katikati na mgongo? Usiuchukue. Utakupa joto la bure mwezi wa Januari, hilo sikatai, lakini utafunika mkanda wa usalama, utakokota miguuni, na kila ukiugeuza utampiga mwenzako usoni. Badala yake gawa kazi iwe miraba ya sentimita 30. Kila mraba ufunge tabaka zake tatu nyumbani kwa bandi, chora mistari ya kufuata, na garini ushone mraba mmoja, ukiacha sentimita 2 za ukingo bila mshono ili zipatikane za kuunganishia. Miraba ikifika idadi unayotaka, meza na cherehani vitamaliza.

Mfuko wa safari uwe mmoja na usitumike kwa jambo lingine lolote. Mimi hupenda sanduku la bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, kwa sababu sindano ikianguka ndani yake utaisikia. Weka sumaku ndogo chini ya kifuniko, sindano zitakaa hapo zenyewe. Beba sindano za mkono fupi, zinapinda kidogo kuliko ndefu na zinageuka vizuri mahali pembamba, na uzihesabu unapoingia garini na unapotoka. Sindano moja iliyobaki kwenye kiti ni ya mtu atakayekaa kesho. Subana vaa, hata kama nyumbani huvai, maana gari husukuma sindano wakati wewe hujaisukuma.

Kutunga uzi ndani ya gari ni kujitafutia hasira. Ujanja wa mafundi ni huu: chukua kigurudumu cha uzi, pitisha ncha yake kwenye matundu ya sindano kumi zikifuatana, zote zikae kwenye uzi mmoja. Ukihitaji moja, vuta uzi, bakisha sindano ya mbele, zisukume nyingine nyuma, kata. Hutatafuta tundu tena hadi Birmingham. Uzi usizidi urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kwa sababu uzi mrefu hujisokota, na kila unapouvuta kiwiko chako kinaingia ubavuni mwa jirani. Upitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili, hautafunga mafundo. Mkasi uwe mdogo wenye ncha butu, umefungwa kwa utepe kwenye mfuko. Usiufunge shingoni mwako.

Ukishakuwa navyo, tazama unakaa wapi. Kiti cha mbele si cha mshonaji. Mfuko wa hewa ulio mbele yake hufumuka kwa kufumba na kufumbua, na chochote ulichoshika mkononi wakati huo kitarudishwa kwako kwa nguvu hiyo hiyo. Nyuma upande wa kushoto ndipo pazuri kwa anayetumia mkono wa kulia: mwanga wa dirisha hutoka kushoto, kivuli cha mkono hakiangukii mshono, na kiti cha kati, kikiwa kitupu, hupokea kiwiko. Anayetumia mkono wa kushoto akae nyuma ya dereva. Kwa wa M1 kuna faida ya ziada: asubuhi ukielekea kaskazini jua liko kulia kwako, jioni ukirudi kusini liko kulia vile vile, hivyo upande wa kushoto huwa na mwanga usiochoma macho kwenda na kurudi.

Mwanga ndio utakaokukatia kazi, siyo uchovu. Desemba London jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, Juni hufika saa tatu usiku na ushee. Panga kazi kwa msimu. Safari za baridi zipewe kroshia au vipande vya rangi nyeupe na njano, na kitambaa cheusi chenye uzi mweusi kingoje kiangazi. Taa ya ndani usiiwashe gizani, inaakisi kwenye kioo cha mbele na kumfanya dereva asione vizuri nje. Na yeye ndiye mwenye safari.

Sheria haina kifungu cha sindano, ila inayo ya mkanda. Kila abiria mwenye umri wa miaka 14 na zaidi anawajibika mwenyewe kufunga mkanda, na faini inaweza kufika pauni 500. Kazi ipite juu ya mkanda, mkanda usipite juu ya kazi, wala usiusogeze chini ya kwapa ili mkono uwe huru. Dereva hagusi sindano, hata M25 ikiwa imesimama kabisa. Kushona nyuma ya usukani kunaweza kuhesabiwa kuendesha bila uangalifu, na foleni ikiondoka wewe bado una uzi mdomoni.

Usianze kushona mlangoni kwako. Mitaa ya London ina matuta, mizunguko, taa kila hatua, na basi linalosimama ghafla. Mpaka gari liingie barabara kuu na kushika mwendo mmoja, mikono ikae. Ukiona taa nyekundu za breki zinawaka mbele, choma sindano kwenye kitambaa na uiache humo. Vivyo hivyo kila dereva anapotoka kuelekea mzunguko. Baada ya safari kadhaa mkono utajifunza wenyewe.

Mwongozo wa barabara wa Uingereza unashauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na mapumziko hayo ni ya mshonaji pia. Watford Gap, kituo cha mapumziko kilichofunguliwa siku moja na M1 tarehe 2 Novemba 1959, kina meza, taa na choo, na maegesho ya vituo kama hiki ni bure kwa saa mbili za mwanzo. Pale ndipo pa kukata kilichosahaulika, kupiga mkunjo kwa ukucha, kupanga rangi za ua linalofuata. Nyoosha na vidole, fungua na kufunga ngumi, zungusha mabega. Sindano hushikwa kwa misuli midogo, na yenyewe ndiyo hulalamika kwanza.

Watoto watataka na wao. Wa miaka minane hivi mpe sindano butu ya plastiki na kipande cha gunia, afuate mistari ya gunia kwa sufu. Mdogo zaidi mpe vipande apange rangi. Sindano ya chuma kwa mtoto ndani ya gari linalokwenda maili 70 kwa saa, hapana.

Kwa wale ambao safari huishia Heathrow wakielekea Dar, Nairobi au Muscat: viwanja vya Uingereza huruhusu sindano za kushonea kwenye mzigo wa mkononi, na mkasi ambao makali yake hayazidi sentimita 6. Viwanja vya huko vina utaratibu wao. Mkasi mzuri upakie kwenye sanduku kubwa, mkononi beba kazi yenye uzi uliokwisha katwa.

Kama una harusi ya Leicester mwezi ujao, kanga ifuliwe wiki hii, karatasi zikatwe wiki ijayo, na bandi zipigwe usiku wa Ijumaa, zikiwa zimebaki Ijumaa mbili kabla ya safari. Usiku wa mwisho ni wa kupaka hina na kutafuta viatu, hautakupa nafasi.